Gari Linaloumwa Nyumbani Kwetu Tu

Mwanangu Mwanaidi,

Umekwenda kwa shangazi yako kuaga, na najua hakuachii mpaka ule. Kwa hiyo nina alasiri nzima peke yangu. Fundi amelala chali chini ya gari. Kutoka hapa barazani naiona miguu yake tu, na kila baada ya muda inachezacheza, ndipo najua anaimba. Mambo ya chandarua, unga na dawa sitayaandika. Yamo kwenye begi, na muuguzi ni wewe. Nataka nikuandikie habari za gari.

Utasema unalijua. Umeliendesha tangu baba yako afariki, ukienda Nyamisati kuchukua kamba wabichi, ukienda Ndundu, ukienda Mkongo kufuata mpunga. Lakini kuna mambo ya gari hili ambayo wewe uliyacheka siku yalipotokea ukaenda zako, mimi nikabaki nayo. Kesho unakwenda nalo Mloka. Huko, mtu mwenye gari ni wa kijiji kizima. Mama akishikwa na uchungu watakuja kugonga kwako kabla hawajagonga kwa mwenyekiti, na njia ya kutoka huko kuja Mkongo unaijua, tembo wanavuka wanapotaka wao. Likikuzimikia hapo hakuna wa kumwita. Ndiyo maana naandika.

Baba yako siku ile aliondoka alfajiri mimi nimelala. Desturi yetu ilikuwa nimnyunyizie maji yaliyosomewa kabla hajatoka. Alikuwa anasimama mlangoni, anainamisha shingo kama mtoto anayenyolewa, namnyunyizia mgongoni, kisha anasema, "Haya, nishalowa, niache niende." Siku ile hakutaka kuniamsha. Wakamkuta karibu na Mkongo. Gari limeegeshwa pembeni vizuri, breki ya mkono imevutwa, injini inanguruma, yeye ameegemea usukani. Hospitali walisema ni moyo. Aliyeniletea habari alikuwa dereva wa lori la mpunga, na nadhani hakujua aseme nini mbele yangu, maana alipomaliza kusema alilotumwa aliongeza, "Mama, injini ilikuwa inapiga safi kabisa."

Maneno hayo ndiyo yaliyobaki. Sikulia, unakumbuka. Wanawake msibani walikuwa wananitazama wakingoja, mimi nawauliza kama wamepata chai. Ilikuwa ganzi. Mguu ukiukalia muda mrefu unaugusa unaona ni wako, una vidole vyako, lakini anayeguswa ni mtu mwingine. Nilikaa eda hivyo. Nilikunja nguo zake hivyo. Watu wakasema, Bi Hadija ana imani.

Kisha wewe ukashika usukani. Asubuhi ya kwanza nikakufuata na bakuli la maji, ukaruka pembeni. "Mama, ushungi nimeupiga pasi sasa hivi." Nikasema sawa. Ukaingia ndani kumalizia chai yako, ukatoka, ukawasha, na hapo ndipo gari lilipoanza.

Kwanza likakohoa. Halafu likashika, lakini likawa linatetemeka kama mtu aliyetoka mtoni. Ta-ta-ta, kimya kidogo, ta-ta-ta, kimya kidogo. Ukaondoka nalo hivyo hivyo, na nikawa nakusikia mpaka kituo cha mafuta, mpaka kona ya barabara kuu. Jioni uliporudi lilikuwa zima. Safari iliyofuata, asubuhi, yaleyale.

Ulipolipeleka gereji, mimi nikiwa nimekaa pembeni yako, Fundi alifuta mikono akasikiliza maelezo yako akasema, "Linamisi hilo." Akatueleza kwamba injini ina silinda nne, kila moja inachoma mafuta kwa zamu yake, na moja ikikosa moto kwenye zamu yake, hiyo ndiyo kumisi. Zinabaki tatu zinaburura ya nne. Gari linakwenda, lakini linakwenda na maiti ndani. Alivyosema hivyo akajishika mdomo, maana alijua habari za baba yako. Wewe ndiye uliyemwokoa. Ulicheka ukasema, "Basi linammisi baba." Ndivyo mnavyosema nyinyi vijana mnaopata maneno kutoka Dar, nimekumisi, amekumisi. Mtaa mzima ukalidaka. Gari la Bi Hadija linammisi mwenyewe. Mama Chausiku wa jirani akaniambia kwa sauti ya chini kwamba nilisomee, na mimi nikamwitikia tu, kwa sababu kulisomea nilikuwa nalisomea tayari.

Sasa nikuambie alivyoutafuta ule ugonjwa, maana wewe ulikuwa unaliacha pale na kwenda kuuza kamba. Alianza na plagi. Alizitoa, akazitazama vichwa vyake, moja ilikuwa nyeusi na imelowa, akasema ndiyo hii. Akatia mpya zote. Nikamshukuru. Wiki iliyofuata nikarudi. Akabadilisha waya. Nikarudi. Akatoa koili kwenye gari lake mwenyewe akatufungia sisi. Nikarudi. Akafungua kabureta akaiosha, akagombana na mwenye kituo cha mafuta kwamba petroli yake ina maji, wakafikia kutishiana kwenda kwa mtendaji. Na mimi nikarudi. Kila nikirudi, gari likifika pale limepona, kama mtoto mwenye homa anayemchekea daktari.

"Bi Hadija," akaniambia siku moja, "wewe hili gari unanisingizia."

"Nikusingizie ili nipate nini?"

"Mie sijui. Wengine hupenda gereji yangu kwa sababu ya kivuli."

"Kivuli chenyewe kina oili."

Akacheka mpaka akaweka spana chini. Nakuambia haya kwa sababu huyajui, na kwa sababu nayapenda. Naweza kukaa hapa nikaandika alivyocheka mpaka karatasi iishe.

Siku nyingine akataka nijue mwenyewe namna ya kuitambua silinda iliyokufa. Injini ikiwa inazunguka, unachomoa waya wa plagi mmoja mmoja. Ukichomoa mlio ukabadilika, injini ikalegea, basi hiyo ilikuwa hai na umeiumiza, irudishie. Ukichomoa mlio usibadilike, hiyo ndiyo iliyokufa zamani. Akanionyesha na kitambaa kikavu mkononi. Mimi nikashika bila kitambaa. Shoti ilinipiga kutoka vidoleni mpaka begani, nikarudi nyuma nikakaa chini kwenye vumbi na baibui langu. Alinishika mkono huku uso umembadilika. "Umeumia?" Nikamwambia hapana. Sikuweza kumwambia kwamba hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokisikia mwilini tangu siku ya lori la mpunga. Mkono uliuma mpaka jioni na nilikuwa nausikiliza kama redio.

Mwishowe alituomba tumwachie gari usiku kucha. Asubuhi akaliwasha pale gereji, safi. Likalala tena, safi. Tukalirudisha nyumbani, asubuhi yake likamisi. Akaja kwa mguu mpaka hapa barazani, akakataa kiti, akasema akiwa amesimama, "Gari hili linaumwa nyumbani kwenu tu. Kwangu haliumwi. Mie nimeshindwa. Itabidi nihamie hapa niwe naliona asubuhi."

Nilidhani anatania. Nikamwambia nyumba ina wanawake wawili, watu watasema nini. Akatazama viatu vyake. "Ndiyo maana nataka nije na mashahidi."

Hayo ndiyo maneno ya posa niliyopewa mimi, mwanangu. Mwanamke wa umri wangu, aliyemaliza kidato cha nne na kudhani mambo yake yote yamekwisha kuandikwa. Nimependwa. Niache niliandike wazi, kwa kuwa kwa mdomo siwezi kulisema mbele yako. Ananimenyea chungwa bila kukata ganda, linashuka lote kama utepe, ananivisha mkononi. Ananawa kwa sabuni na ndimu ili harufu ya petroli isinichukize, na hajui kwamba harufu hiyo nikiisikia njiani nageuza shingo. Nimetia hina kama msichana. Najua ulikuwa unatazama chini wakati wa nikahi, na sikuulizi kama unaondoka kwa sababu yake. Umepangiwa kazi, unakwenda kazini. Nataka tu ujue kwamba nyumba unayoiacha haina mtu mpweke.

Tulikuwa bado katika fungate ulipopata mzigo wa Nyamisati. Niliamka kabla ya Fundi, nikachukua bakuli langu la kombe; mwalimu wa madrasa huniandikia aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, nami naisuuza kwa maji. Nikafungua boneti. Nikawa nanyunyizia injini yote vizuri, bila haraka, nikisoma kwa ndani, nilichobakiza nikakimimina pale katikati kwenye waya nyingi, maana niliamua zamani kwamba moyo wa gari uko pale. Nikageuka. Mume wangu amesimama na msuli wake, mswaki mdomoni.

"Unafanya nini hapo, mke wangu?"

"Namsindikiza mtoto."

"Kwa maji?"

"Ya kombe. Yamesomewa."

Akautoa mswaki. "Tangu lini?"

"Tangu marehemu."

"Kila safari?"

"Asubuhi ya kila safari."

Akakaa kwenye ngazi. "Plagi nimebadilisha," akasema. "Waya nimebadilisha. Koili yangu mwenyewe nimeitoa. Mwenye kituo cha mafuta nimemtukana mbele ya wateja wake, nikamwambia petroli yako ina maji."

"Huenda ilikuwa nayo."

"Hadija. Maji ulikuwa nayo wewe."

Ndipo ulipotoka na kikombe chako, ukatukuta, ukauliza kuna nini, ukacheka mpaka chai ikakutoka puani. Yeye hakucheka mpaka alipokwisha kufungua kifuniko cha distributa, kile kikombe cheusi ambamo waya zote za plagi hutokea. Akakifuta, akakigeuza kwenye mwanga, akanionyesha ufa mwembamba kuliko unywele. Maji yalikuwa yanaingia hapo, moto unaokwenda kwenye plagi unapotea njiani. Injini ikishapata joto maji yanakauka, gari linapona, likifika kwake linacheka. Usidhani nilikuwa natazama ufa tu. Nilikuwa natazama vidole vyake.

Uliniuliza, ukiwa bado unajipangusa pua, "Mama, nani alikufundisha kuloga gari?" Sikukujibu. Nakujibu sasa.

Bibi yangu aliyenilea alikuwa mtoto wa mtu aliyekwenda Vita vya Maji Maji. Huyo babu alikuwa na gobori moja, ile bunduki ya kushindilia baruti mdomoni. Dawa ilipokuja, watu wakaambiwa atakayenyunyiziwa maji, risasi za Wajerumani zitageuka maji mbele yake. Babu akanyunyiziwa. Akapewa na kichupa cha kuvaa shingoni. Mkewe, kwa kumpenda, siku ya kuondoka hakuridhika na mwili peke yake. Alichukua maji ya dawa akalinyunyizia na gobori, mdomo mpaka kitako, ili nalo lilindwe.

Wakafika vitani. Babu akajilaza kwenye matete, akalenga, akavuta. Ta. Kimya. Akavuta tena. Kimya. Baruti ilikuwa uji. Wenzake waliofyatua, moshi ukapanda pale walipo, na bunduki kubwa ya Wajerumani ikageukia kila palipopanda moshi. Kwake hapakupanda moshi. Alilala kwenye matope siku nzima akisikia watu wa kijiji chake wakinyamaza mmoja mmoja, na jua liliposhuka akatambaa akaondoka. Alirudi nyumbani na kichupa shingoni, akaishi na njaa iliyofuata, akachimba ming'oko porini, akamzaa bibi yangu.

Mkewe akasema, mnaona, maji yamemlinda. Bibi aliniambia kwamba baba yake alikuwa mtu asiyecheka wala asiyekasirika, ukimpa chakula anakula, ukimwambia lala analala. Nilipokuwa mdogo nilidhani huo ni upole. Ila mara moja tu bibi alimsikia akisema, akiwa peke yake anapalia mpunga: risasi iliyogeuka maji ilikuwa yangu.

Ndiyo hayo yaliyotufikia. Kwetu hakuna aliyewahi kuuliza ni maji yapi yaliyomwokoa, ya mwilini au ya kwenye baruti. Mtu akitoka analoweshwa, basi. Baba yako alilowa miaka yote akarudi, siku aliyotoka mkavu hakurudi, na injini ilikuwa inapiga safi kabisa. Kwa hiyo wewe ulipoondoka asubuhi na gari linakohoa, mimi nilikuwa narudi ndani nimetulia. Nilikuwa naogopa siku litakayoondoka bila kukohoa. Fundi anatafuta ugonjwa, na kwangu mimi ule ugonjwa ndio uliokuwa uzima. Angeupataje?

Nimelifikiria hilo sana, na nakupa wewe kwa kuwa utakaa mbali. Gari likianza tena kumisi, usikimbilie kubadilisha kitu. Fundi alibadilisha karibu kila kinachobadilika, na kila alichokitoa kilikuwa kizima. Uliza linaanza wapi na linaacha wapi. Uliza nani amelisogelea kabla halijaanza. Huko mtoni kuna ukungu wa asubuhi, na mito ya masika utaivuka, kwa hiyo kitambaa kikavu kiwe chini ya kiti, ufungue kile kifuniko ukifute ndani. Kifuniko ni kipya, Fundi alikwenda kukitafuta mpaka Mbagala. Na watakapokuja kwako zahanati na mtoto ambaye kila ukimtibu anarudi na ugonjwa uleule, usimkaripie mama yake. Mwulize taratibu anamfanyia nini wakiwa nyumbani, na akikujibu usicheke mbele yake. Ukitaka kucheka subiri nifike.

Kuna jambo moja limebaki, sijamwambia hata yeye. Uliponiletea barua ya kazi, ukanisomea jina la Mloka, nilijua mtu amechomoa waya. Nikasubiri mlio ubadilike. Nikasubiri siku hiyo, na usiku wake, na siku zote hizi ulizokuwa unafunga mizigo. Haukubadilika. Nilikuwa nakunja madera yako nikiwa na furaha ya mume wangu nje na safari yako mikononi, na vyote viwili naviona kama mtu anavyoiona mvua kupitia dirishani. Nilimkumbuka yule babu kwenye mpunga. Nikasema basi, huenda hiyo silinda ilikufa zamani na nimeshazoea kwenda na tatu. Nakuambia ili kesho ukiniona uso mkavu usidhani sikujali. Ndivyo uso wangu unavyofanya.

Asubuhi boneti itakuwa imefungwa. Fundi anasema nikitaka ninyunyizie matairi, hayana neno. Nimemwambia hapana. Kombe limeshaandikwa, liko kabatini kwenye sahani, na kesho nitalinywa mwenyewe, nimesimama hapa hapa, wakati wewe unawasha. Utaondoka mkavu. Hilo ndilo gumu nililo nalo la kukupa, na sikujua ni gumu kiasi hiki mpaka nilipoliandika.

Jana jioni Fundi alipoliwasha kulijaribu nilikuwa jikoni, na sikujua kama limewashwa. Silinda zote nne zilikuwa zinachoma. Nilitoka kwa kuwa nilisikia gari la mtu linapita, kumbe ni letu. Nikasimama hapo na mwiko mkononi, na mwanangu, mkono ule uliopigwa shoti ukaniuma tena, kutoka vidoleni mpaka begani, pasipo mtu kunigusa.

Maana zamani nilikuwa nakusikia. Ta-ta-ta mpaka kituo cha mafuta, mpaka kona, mpaka pale barabara inapoanza kushuka, katikati ya malori na bodaboda zote za Kibiti nilikuwa najua yule ni wewe, bado upo. Kesho utatoka na mlio kama wa magari yote, na sitajua ni wakati gani nimeacha kukusikia wewe nikaanza kusikia watu wengine.

Kwa hiyo siku utakayorudi, piga honi ukiwa bado konani.

Mama yako,
Hadija